Talaka baada ya miaka mingi: kipi ni haki ya mke?
Mke aliyeishi na mumewe miaka thelathini hatoki nyumbani na kanga zake tu. Mahari iliyobaki ni deni. Talaka ikiwa rejea, chakula na makazi ya eda ni juu ya mume. Tena Suratul-Baqara, aya ya 241, imeamrisha mut'a, kiliwazo cha aliyeachwa.

Na nyumba waliyoijenga pamoja? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu.

Basi, ndugu wanandoa, mnunuapo kiwanja au mabati, andikeni nani ametoa nini, na mashahidi watie saini.