Kijana Atokaye Makao ya Watoto na Ufunguo wa Chumba cha Kwanza

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kwa kijana anayeishi na wazazi wake, siku ya kutimiza umri huo hupita kama siku nyingine. Kwa aliyelelewa katika makao ya watoto, huashiria kuhama, na baada ya muda mfipi hujikuta ni mnunuzi, mpangaji na mteja kwa wakati mmoja. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake, na zaidi kwa ajili yako uliye karibu naye: mlezi, ndugu, jirani au mwenye nyumba.

Tuanze na utambulisho, kwa kuwa mengine yote huutegemea. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba itolewayo na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Kijana asiye na namba hiyo hawezi kusajili laini kwa jina lake, na bila laini hana akaunti ya fedha ya simu. Hapo ndipo mlezi mwenye huruma, au wakala asiye na huruma, humpa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Chukulia msichana msusi aliyeweka katika laini ya namna hiyo akiba ya miezi minane kwa ajili ya kodi ya chumba. Simu ikiibwa, kurejesha laini kunamhitaji yule aliyeisajili. Ikiwa amehamia mkoa mwingine, au anakana, akiba ipo lakini msichana hana njia ya kuthibitisha kuwa ni yake.

Namba ya NIDA huombwa mtu anapotimiza miaka 18, na maombi huhitaji cheti cha kuzaliwa pamoja na habari za wazazi. Wengi hukwama hapo. Cheti hutolewa na RITA, na anayesajiliwa kwa kuchelewa hutakiwa kutoa ushahidi wa kuzaliwa kwake. Kwa mtoto aliyeokotwa, ushahidi huo huenda ukawa ni jalada lililomo kituoni au kwa afisa ustawi wa jamii. Jalada ni rahisi kulipata kijana akiwa na miaka 15 na bado analala humo. Akiwa na miaka 20, na mlezi mkuu amekwisha kubadilika, ni shughuli nyingine. Anzeni mapema. Akishapata namba, apige *106# aone ni laini zipi zimesajiliwa kwa utambulisho wake.

Kuhusu chumba, hesabu hutisha kuliko watu wanavyodhani. Wenye nyumba wengi mijini hutaka kodi ya miezi sita au zaidi kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 350,000 kabla ya godoro na sufuria. Kijana asitoe fedha kabla ya kumwona mwenye nyumba mwenyewe. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa huwafahamu wenye nyumba wa eneo lake. Mkataba uandikwe, na kila malipo yawe na stakabadhi. Aulize pia wapangaji wanagawanaje LUKU. Kodi ya jengo inayokatwa humo ni wajibu wa mwenye nyumba, hivyo wakubaliane mapema itarejeshwaje. Na msindikize. Kijana aliyefuatana na mtu mzima huulizwa maswali tofauti na yule aliyekuja peke yake, si haki lakini ndivyo ilivyo.

Jambo lisilozungumzwa sana ni hili: makaoni mchele huja kwa gunia, sabuni kwa katoni, umeme huwaka tu. Mtoto anaweza kufika kidato cha nne bila kujua kopo la mkaa hudumu siku ngapi. Walezi wanaowapeleka vijana sokoni na bajeti ya wiki moja, na kuwaacha wakosee, huwafundisha kwa gharama ndogo. Kosa hilohilo likifanyika chumbani kwake, huzaa deni.

Deni hilo siku hizi huanzia kwenye simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila idhini. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hii huomba ruhusa ya kuona orodha ya majina katika simu, kisha huwatumia watu hao ujumbe wa kumwaibisha mkopaji. Majina ya kijana huyu ni mama mlezi na ndugu aliokua nao, hana wengine. Kabla ya kukopa, ahakikishe mkopeshaji ana leseni, na asome jumla atakayorejesha, si riba ya siku pekee. Akidhalilishwa, ahifadhi ujumbe wote, kisha apeleke malalamiko Benki Kuu na, kwa matumizi mabaya ya taarifa zake, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mwenye wazo la biashara aulize kwanza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana, nayo haina riba. Ukiombwa kuwa mdhamini wake kwa mkopo mwingine wowote, soma mkataba kwanza: asiyeweza kulipa akishindwa, mdhamini hudaiwa.