Seva Moja Kuwa Tatu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kanzidata inavyoishi ndani ya seva moja. Leo tuitoe humo.

Makao makuu ya Wizara ya Afya ya Uganda yako barabara ya Lourdel, Nakasero. Tangu 2012 wilaya zimekuwa zikituma huko takwimu za malaria, chanjo na uzazi kwa DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao data zake hutunzwa katika kanzidata ya PostgreSQL. Mfumo wa aina hii ukitegemea seva moja, diski ikifa msimu wa ripoti, nchi nzima inasubiri fundi.

Kuongeza seva ya pili si kazi kubwa. Kanzidata hunakiliwa nzima huku ikiendelea kutumika, kisha seva mpya hupokea kila badiliko linaloandikwa kwenye ile kuu. PostgreSQL ina uwezo huo tangu toleo la 9.0, mwaka 2010. Kwa kawaida seva kuu haingoji jibu la mwenzake, kwa hiyo ikianguka ghafla, maandishi ya mwisho huweza kupotea. Ukiilazimisha ingoje, hayapotei, ila kila uandishi huchelewa kidogo. Kwa ripoti za mwezi ningevumilia kupoteza maandishi hayo ya mwisho. Kwa benki ya damu, iliyo papo hapo Nakasero, hapana.

Ugumu uko kwenye uongozi. Waya ukikatika kati ya seva mbili, kila moja hudhani nyingine imekufa. Zote zikijitawaza, zitapokea data tofauti, na kuzipatanisha baadaye ni kilio. Ndiyo sababu huwekwa tatu: yenye kura mbili hutawala, iliyotengwa hunyamaza. Kura hutunzwa na programu kama etcd, na nyingine iitwayo Patroni huipandisha cheo seva iliyoshinda. Ya nne haikuongezei usalama, kwani wingi wa nne ni tatu. Tano ndizo huvumilia vifo viwili.

Basi utawakuta mafundi wamezipanga zote tatu chumba kimoja, swichi moja, jenereta moja. Hiyo bado ni seva moja, masanduku tu ndiyo matatu. Kuhamisha moja hakutoshi: chumba chenye mbili kikizimika, iliyobaki haina wingi. Kila moja ipate jengo lake na umeme wake.

Na nakala rudufu usiziache. Mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, klasta (kundi zima la seva) hulifuta kote mara moja, kwa utiifu kamili.

Wiki ijayo tutaizima seva kuu makusudi, saa za kazi. Mwombe mkuu wako ruhusa mapema.