Koo Linalouma Linaweza Kuumiza Moyo

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa wa vali za moyo. Msishangae tukianzia kooni, maana kwa watoto wengi huko ndiko unakoanzia.

Moyo una vali 4. Vali ni kama mlango mdogo: unafunguka damu ipite, halafu unajifunga damu isirudi. Kazi hiyo hufanyika kama mara 100,000 kwa siku. Mlango ukikakamaa, damu haipiti vizuri. Usipofunga sawasawa, damu inarudi nyuma. Moyo unajitahidi mpaka unachoka.

Unaletwa na nini?

Wapo wanaozaliwa na vali mbovu, na wapo wazee ambao vali zao zimechakaa. Lakini kwa vijana wa nchi zetu chanzo kikubwa ni homa ya rumatiki. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo kwa sababu ya bakteria aitwaye streptokoka. Koo linapoa lenyewe, watu wanasahau. Baada ya wiki 2 au 3 homa inakuja na viungo vinavimba: leo goti, kesho kiwiko. Kinga ya mwili iliyopigana na bakteria sasa inashambulia viungo na moyo. Viungo hupona, ila vali inaweza kubaki na kovu.

Basi si uchawi, na ugonjwa wa moyo wenyewe hauambukizi. Kinachoambukiza ni bakteria wa kooni, hasa tunapolala wengi chumba kimoja kama humu kambini.

Dalili

Kuhema akibeba maji, moyo kwenda mbio, kukohoa usiku, kushindwa kulala chali, miguu kuvimba. Wakati wa mimba damu ya mama huongezeka karibu nusu, kwa hiyo ugonjwa uliojificha hujitokeza. Mama, ukihema kupita kawaida, sema kliniki.

Vipimo na matibabu

Mganga akisikiliza kifua anaweza kusikia mvumo. Kipimo cha uhakika ni eko, kinachofanana na altrasaundi ya wajawazito. Hakiumi.

Koo la streptokoka likitibiwa kwa penisilini ndani ya siku 9, homa ya rumatiki huzuilika. Aliyekwisha kuipata huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka 10 au zaidi. Sindano inauma, na mtoto anaonekana mzima, ndiyo maana wazazi wengi huacha. Lakini homa ikirudi, vali inaharibika zaidi.

Vali iliyoharibika sana hupanuliwa kwa puto, hurekebishwa au hubadilishwa kwa upasuaji. Hapa Tanzania kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Mwenye vali ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na akitaka mimba amuone daktari kwanza.

Sisi wakimbizi tuna jambo la ziada: kuhama. Ukirudi nyumbani au ukipelekwa nchi nyingine, beba kadi ya sindano na majibu ya eko pamoja na karatasi zako za familia. Uliza mapema tarehe ya sindano itakukuta wapi.

Na mtoto akisema koo linauma, mpeleke zahanati. Usingoje lipoe lenyewe.