Hati Tupu kwa Mwanafunzi Asiyeona

Makongolosi, katika Wilaya ya Chunya, ni mji wa dhahabu. Tangu zile mbio za dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1930 watu wamekuwa wakija huku kutafuta riziki chini ya ardhi, na hata leo mlio wa makarasha ya kusaga mawe husikika mchana kutwa. Kijana wa hapa anayejaliwa kuendelea na masomo ya juu hushika njia ya Mbeya mjini, ya Iringa au ya Dar es Salaam, na inapofika likizo hurudi nyumbani na masomo yake yakiwa ndani ya simu.

Katika likizo moja ya karibuni tuliketi na kijana mmoja asiyeona, mwanafunzi wa chuo kimoja cha mbali ambacho hatutakitaja. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani. Akafungua notisi alizotumiwa na mhadhiri wake, kurasa arobaini na ushei, akaiamuru programu ya kusoma kwa sauti ianze kazi. Sauti ikatamka kwamba ukurasa ni mtupu. Akaenda ukurasa wa pili: mtupu. Wa tatu nao vivyo hivyo. Sisi tulioketi kando yake, wenye macho, tulikuwa tukiona maandishi yaliyojaa kutoka ukingo hadi ukingo. Kijana akacheka, kwa maana amekwisha kuzoea, akamwita mdogo wake aje amsomee. Mdogo wake yuko darasa la sita, na notisi zenyewe ni za Kiingereza.

Jambo lililotokea ni rahisi kulieleza. Ile hati haikuwa na maandishi hata herufi moja. Ilikuwa ni picha ya maandishi. Karatasi imewekwa kwenye mashine ya skani, mashine ikaipiga picha, na picha hiyo ndiyo iliyosambazwa. Jicho la binadamu halioni tofauti yoyote. Lakini programu inayomsomea asiyeona hutafuta herufi, na pasipokuwa na herufi haina la kusema.

Desturi hii ilikuwapo zamani, ila ilishika kasi mwaka 2020, wakati vyuo vilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya Korona na kufunguliwa tena mwezi Juni. Baadhi ya masomo yakahamia kwenye simu na kompyuta, na vyuo vilipofunguliwa hayakurudi yote kwenye karatasi. Kwa wengi huo ulikuwa unafuu. Kwa asiyeona ungeweza kuwa unafuu mkubwa kuliko wa mtu mwingine yeyote, kwani kitabu cha nukta nundu ni kinene, ni ghali na hupatikana kwa shida, ilhali hati iliyotayarishwa vema husomeka siku ile ile inapotumwa.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba haya ni mambo ya Bara peke yake. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Vijana wa Visiwani wamo katika vyuo vya huku, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, huwafuata wanafunzi huko huko waliko. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi wenye umri wa miaka saba na kuendelea ana ulemavu wa namna fulani, Bara na Zanzibar kwa kiwango kinachokaribiana. Upande wa sheria Zanzibar ndiyo iliyotangulia, mwaka 2006. Bara ikafuata mwaka 2010, baada ya nchi yetu kuuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Karatasi za sheria, basi, tunazo.

Hatumlaumu mhadhiri. Ana wanafunzi mamia, na aghalabu hakuna aliyemfundisha kazi hii. Lakini sehemu kubwa yake haihitaji fedha. Programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, hutolewa bure, na simu nyingi za siku hizi huja na msomaji wake wa sauti. Mhadhiri na aiwashe, afumbe macho, asikilize notisi zake mwenyewe kwa dakika tano. Atagundua mengi. Atasikia kwamba vichwa vya habari alivyovikoleza wino tu, bila kuiarifu kompyuta kuwa hivyo ni vichwa, havimsaidii msikilizaji kuruka kutoka sura hadi sura. Na asipoiambia hati kwamba lugha yake ni Kiswahili, atakisikia Kiswahili kikitamkwa kama kwa kinywa cha Mwingereza aliyeshuka bandarini jana, jambo ambalo huchekesha mara moja tu.

Kazi ngumu iko kwenye picha, ramani na michoro. Kuandika chini ya ramani ya mvua maneno “ramani ya mvua” si kumweleza mtu kitu. Imempasa mwenye somo aseme ramani ile inafundisha nini: kwamba mvua ni nyingi upande wa Rungwe na hupungua kadiri uendavyo kaskazini kuelekea Chunya. Hapo fundi wa kompyuta hawezi kumsaidia, kwa kuwa hajui somo. Kwa viziwi nao, filamu ya mhadhara isiyo na maandishi chini yake ni midomo inayochezacheza.

Tunawaomba wakuu wa vyuo watenge mtu wa kuwasaidia wahadhiri, na muda wa kuifanya kazi hiyo kabla muhula haujafunguliwa, si wiki ya mtihani. Tume ya Vyuo Vikuu nayo, inapokagua chuo, ingeweza kuomba ionyeshwe notisi za somo moja tu, lolote, zikisomwa kwa sauti mbele ya wakaguzi.

Tukirudi kwa yule kijana wetu: tulimshauri ampigie simu mhadhiri wake. Akasita, kwa heshima, kisha akapiga. Kumbe notisi zile mhadhiri alizichapa mwenyewe kwa kompyuta. Alizitoa kwenye karatasi na kuzipiga skani ili zisije zikabadilishwa na wanafunzi. Hati ya kwanza, yenye herufi zake zote, ilikuwa kwake muda wote. Aliituma jioni ile ile, akauliza kwa nini hakuambiwa mapema. Mtihani ulikuwa umebakiza siku nne.