Chumvi ya Amonia Shambani na Viwandani

Mkulima aonapo majani ya chini ya mahindi yake yanageuka manjano kuanzia nchani, pengine hudhani ni jua au ugonjwa. Mara nyingi ni njaa tu. Mmea umekosa naitrojini, ingawa umezungukwa nayo, kwa maana katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojini. Lakini mahindi hayawezi kuila kutoka hewani.

Mwaka 1909 mtaalamu wa Kijerumani, Fritz Haber, aliweza kuiunganisha naitrojini ya hewa na haidrojini, akapata amonia. Carl Bosch akaigeuza kazi hiyo kuwa ya kiwanda, kilichoanza huko Oppau mwaka 1913. Amonia ikitiwa asidi hufanya chumvi, na chumvi hizo ndizo mbolea tuzinunuazo. S.A., yaani salfeti ya amonia, ina naitrojini 21 katika 100. C.A.N., ambayo hutiwa mahindi yafikapo magotini, ina 26 hivi, basi gunia la kilo 50 lina kilo 13.

Liko jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani. Vijidudu vya udongo huigeuza amonia kuwa naitreti, na katika kazi hiyo hutoa asidi. Atiaye S.A. au D.A.P. mwaka baada ya mwaka huufanya udongo wake kuwa mchachu. Mizizi hudumaa, fosfeti hunaswa udongoni, na gunia la leo halileti mavuno ya gunia la zamani. Mashamba mengi ya magharibi ya Kenya yamepatwa na hali hiyo. Chai hupenda udongo mchachu. Mahindi na maharagwe hayaupendi. Dawa ni samadi na chokaa ya shambani, kama ile ya Koru. C.A.N. ina chokaa ndani yake, kwa hiyo haichachushi udongo upesi. Lakini chokaa isichanganywe na S.A. wala D.A.P.: amonia itatoka kwa harufu ya kuchoma pua, na harufu hiyo ni fedha ya mkulima inayopeperuka.

Viwandani chumvi hizi zina kazi za ajabu. Fosfeti ya amonia ndiyo unga wa mitungi mingi ya kuzimia moto. Naitreti ya amonia, kinyume chake, ikichanganywa na mafuta hupasua miamba migodini. Tarehe 16 Aprili 1947 meli Grandcamp, iliyopakia naitreti hiyo kuwa mbolea, ilishika moto bandarini Texas City, Marekani, ikalipuka. Watu karibu 600 walikufa katika maafa hayo. Huko Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, tani 2,750 zilizolala ghalani kwa miaka ziliua watu zaidi ya 200.

C.A.N., kwa sababu ya chokaa yake, haina hatari kiasi hicho, wala mwenye gunia moja asilale macho. Aliweke mahali pakavu, mbali na jiko na mafuta ya taa, na mbali na ng'ombe, ambao huilamba wakidhani ni magadi, wakafa.