Moyo Ukichafuka, Useme Nini kwa Kiingereza?

Mgonjwa aliyelazwa Leeds akimwambia nesi "I feel sick", yaelekea ataletewa chombo cha kutapikia. Mwenzake wa Chicago akitamka maneno hayohayo ataulizwa anaumwa nini. Mwingereza anaposikia "feel sick", maana inayomjia kwanza ni kichefuchefu, na akikwambia "I was sick last night" anakuarifu kwamba jana usiku alitapika. Mmarekani husikia humo ugonjwa wowote ule, mafua au malaria. Akitaka kutaja tumbo huongeza neno: "sick to my stomach".

Mimi ni mkalimani wa hospitali. Hukaa kati ya daktari na mgonjwa anayezungumza Kiswahili, na neno hili fupi limenipa kazi zaidi kuliko majina marefu ya maradhi. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba "I am sick" ni "naumwa", basi. Hapo kale ndivyo lilivyokuwa hata Uingereza, kabla "ill", neno lililoletwa na watu wa Skandinavia, halijaanza kushika nafasi ya maradhi. Marekani ikabaki zaidi na maana ile ya zamani. Lakini hata London mfanyakazi aliyepumzika kwa ugonjwa husemwa yuko "off sick", na hakuna anayedhani anatapika. Kinachoamua ni maneno yaliyo jirani. "Seasick" ni kuchafukwa na moyo chomboni, "carsick" ni garini, ila "homesick" ni kulemewa na hamu ya nyumbani, na tumbo halimo kabisa. "Morning sickness" ni kichefuchefu cha ujauzito, na jina lake linadanganya, kwa sababu huja saa yoyote. Mjamzito asiache kumweleza mkunga eti kwa kuwa yeye hutapika jioni.

Ukitaka neno lisilo na utata pande zote mbili za Atlantiki, shika "nausea". Asili yake ni Kigiriki, kutoka neno la merikebu, kwa hiyo lilizaliwa na ugonjwa wa bahari. Sema "I have nausea" au "I feel nauseated", utaeleweka. Wapo wanaosisitiza kwamba "nauseous" ni sifa ya kitu kinachotia kichefuchefu, kama harufu ya nyama iliyooza, na kwamba mtu anayejisikia hivyo ni "nauseated". Wamarekani wengi leo husema "I feel nauseous", na kamusi ya Merriam-Webster inakubali matumizi hayo. Mimi naona ubishi huo uachiwe wahariri. Mgonjwa anayehangaika kuzuia matapishi hastahili kusahihishwa na mtu yeyote.

"Queasy" ni pole zaidi. Ni pale tumbo linapoanza kutotulia na chakula hakitamaniki, lakini hujafika mahali pa kutafuta ndoo. Waingereza na Wamarekani hulitumia pia kwa dhamira inayosita mbele ya jambo lisilo safi. Tofauti yake na "uneasy" ni muhimu sana, na nimesikia wagonjwa wakiyachanganya. Mtu anasema "I feel uneasy" akikusudia kwamba mwili hauko sawa. Daktari anaandika kwamba ana wasiwasi, na maswali yote yanayofuata yanaelekea kwenye hofu na usingizi. "Uneasy" ni moyo usiotulia. Nalo "squeamish" linamhusu mwepesi wa kuona kinyaa, yule asiyeweza kutazama damu ikitolewa.

Penye hatari zaidi ni kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Sisi husema moyo unachafuka, au roho inachafuka. Wa pwani atasema ana kigegezi, na hapo hakuna tatizo. Lakini moyo ukipelekwa kwa Kiingereza neno kwa neno, daktari anasikia kiungo kinachosukuma damu. Mjukuu aliyeletwa kumtafsiria bibi yake anasema moyo wa bibi una shida, na bibi anaanza kupimwa moyo ilhali anachotaka ni kutapika tu. Mkalimani hupeleka maana: "She feels nauseated."

Hata hivyo nisingependa mtu aondoke na kanuni kwamba moyo ni tumbo siku zote. Kichefuchefu kinaweza kuwa dalili ya mshtuko wa moyo, na wanawake hukipata katika hali hiyo zaidi kuliko wanaume. Tena roho ya mtu huchafuka kwa hasira au kwa msiba. Kwa hiyo nikisikia "moyo unanichafuka" kutoka kwa mtu anayetokwa jasho na kushika kifua, simalizii mwenyewe. Namwarifu daktari kwamba usemi huu una maana zaidi ya moja, kisha namuuliza mgonjwa: shikamoo mama, unataka kutapika, au kifuani panabana? Swali hilo huchukua muda mfupi sana, na jibu lake linaweza kubadilisha matibabu yote.

Kizunguzungu nacho kina mtego wake. Kiingereza kina "dizzy", pana kama neno letu, lakini daktari atataka kujua zaidi: je, chumba kinazunguka, au unaona giza kana kwamba utazimia? Kuzunguka kwa chumba huitwa "vertigo", na mara nyingi chanzo chake kiko ndani ya sikio. Kuona giza ukisimama, ambako ni "light-headed", kunaweza kutokana na presha kushuka au upungufu wa maji.

Ndiyo maana huwashauri watu wasihangaike sana kutafuta neno moja zuri. Eleza mwili unafanya nini: mate yanajaa mdomoni, nimetapika mara tatu tangu asubuhi, harufu ya mafuta ya kukaangia inanizidishia, nikilala napata nafuu. "I want to vomit" ni Kiingereza cha kawaida na kinatosha.

Pia usimtegemee mtoto wako akutafsirie. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinalazimika kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na Uingereza huduma ya afya ya umma nayo hulipia ukalimani. Mwambie mtu wa mapokezi "Swahili interpreter, please" kabla hujaitwa ndani, na kama Kiswahili chako ni cha Kongo, litaje hilo mapema ili watafute mtu mtakayeelewana.