Moshi wa Riziki na Moshi wa Anasa

Ndugu msomaji, je, ni uadilifu kuuweka katika mizani moja moshi wa jiko la maskini na moshi wa gari la anasa? Swali hili limemshughulisha mwanafalsafa Henry Shue kwa miaka mingi. Tumeona ni vyema tulieleze, kwa kuwa jawabu lake latuhusu.

Shue alizaliwa Marekani mwaka 1940, na akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1970. Hakuanza na hali ya hewa, bali alianza na maskini. Katika kitabu chake Basic Rights cha mwaka 1980, alijenga hoja kwamba kupata mahitaji ya kujikimu si hisani ya mwenye nacho. Ni haki ya msingi, sawa na haki ya kulindwa dhidi ya mauaji na mateso, kwani mwenye njaa hawezi kuzifaidi haki nyingine. Miongoni mwa mahitaji hayo alihesabu pia hewa safi na maji safi.

Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro na kutia saini mkataba wa mabadiliko ya tabianchi. Ikabaki kadhia: nani apunguze gesi zinazoongeza joto duniani, na kwa kiasi gani? Wapo waliokwisha kuzijumlisha gesi bila kuuliza zimetoka wapi, methani ya majaruba ya mpunga ikahesabiwa pamoja na kaboni ya magari ya matajiri. Watafiti wawili wa India, Anil Agarwal na Sunita Narain, walilipinga jambo hilo mwaka 1991. Shue naye, katika makala ya mwaka 1993, akaitetea tofauti hiyo kwa hoja za kifalsafa: zipo gesi za kujikimu na zipo gesi za anasa. Kumtaka mkulima apunguze chakula chake ili mwingine abaki na starehe yake ni dhulma, hata kama jumla ya gesi itapungua.

Huenda mtu akauliza: basi maskini waachwe wachome watakavyo? La hasha. Kaboni ikishapanda angani, sehemu yake hubaki huko kwa karne nyingi. Kwa sababu hiyo, katika maandishi yake ya baadaye, Shue, aliyefundisha Cornell na kisha kuwa mtafiti Oxford, alisisitiza kwamba maskini anachokihitaji ni nishati, wala si moshi. Hivyo basi, tajiri ana wajibu wa kupunguza gesi zake na kusaidia nishati safi ipatikane kwa bei ambayo maskini ataimudu. Katika kitabu chake cha mwaka 2021 alionya kwamba wajibu huo ni wa kizazi hiki, kwani yapo madhara ambayo wajukuu hawataweza kuyazuia.

Ndugu msomaji, tunapoambiwa tuache mkaa, tuna haki ya kuuliza: nishati mbadala iko wapi, na kwa bei gani? Anayeuliza hivyo haombi sadaka. Aidha, tujihesabu wenyewe, kwani katika miji yetu pia wamo wanaofanya israfu huku jirani zao wakikosa hata taa ya usiku. Mizani ile ile ya Shue yawahusu nao.